Picha hiyo ni ya nani? Majalada ya roki ya indi na tabia ya kuficha majina

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya PHP na hifadhidata, na hayo yatarudi wiki ijayo. Leo nimekuja kugombana. Nagombana na majalada ya albamu za roki ya indi, yaani ile roki ya magitaa iliyotolewa na lebo ndogondogo za Uingereza na Marekani zilizokataa kukaa chini ya kampuni kubwa. Na zaidi nagombana na wanaoyasifu majalada hayo kwa sababu isiyofaa. Hata kama muziki huo huupendi, usifunge ukurasa. Ugomvi wenyewe ni wa data: nani ameandikwa, nani hakuandikwa, na kwa nini tunaambiwa kufuta jina la mtu ni sanaa.

Kwanza tuelewane. Jalada la indi unalitambua kabla hujasikia hata noti moja. Mbele hakuna jina la bendi, na likiwepo limebanwa pembeni kwa herufi ndogo kama za masharti ya mkopo. Picha haihusiani na wanamuziki. Imeokotwa mahali: kadi ya posta ya zamani, fremu ya sinema, mchoro wa kitabu cha sayansi, uso wa mtu asiyejulikana. Kama imepigwa kwa ajili ya albamu yenyewe basi imetiwa ukungu, mfano lile gitaa la rangi ya waridi kwenye Loveless ya My Bloody Valentine (1991). Maandishi ni ya mkono, mabaya kwa makusudi. Karatasi ni ya kaki. Na nyuma kuna namba ya katalogi ambayo mashabiki huikariri kama sisi tunavyokariri namba za matoleo ya Linux.

Hiyo namba niipitie haraka maana ndiyo inayonifurahisha. Factory Records ya Manchester, iliyoanza 1978, ilipa namba kila kitu, si santuri peke yake. Bango la kwanza la matangazo ni FAC 1. Klabu ya Haçienda iliyofunguliwa 1982 ni FAC 51, paka wa klabu hiyo ni FAC 191, na mwanzilishi Tony Wilson alipofariki 2007 jeneza lake likapewa FAC 501. Aliyewahi kubuni hifadhidata anaelewa mara moja: huo ni ufunguo mmoja wa msingi kwa jedwali la ulimwengu mzima. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Ugomvi unaanza kwenye jina lililofichwa.

Peter Saville, msanifu wa Factory, alitengeneza jalada la Unknown Pleasures ya Joy Division mwaka 1979. Jeusi tupu, katikati mistari myeupe kama milima, hakuna jina la bendi, hakuna jina la albamu. Wakati ule huo ulikuwa ujasiri. Jalada la santuri lilikuwa na upana wa inchi 12 na dukani ndilo lilikuwa tangazo lenyewe. Kuondoa jina ilikuwa kama kufungua kioski bila kuandika unauza nini, na hela ya kupotea ilikuwa yao wenyewe. Sasa tazama leo. Fungua programu yoyote ya muziki kwenye simu yako. Jalada ni kijipicha kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, na chini yake programu imeandika jina la bendi na jina la albamu, utake usitake. Bendi changa inayotoa jalada lisilo na jina leo haijajinyima kitu chochote. Jina limeandikwa na seva. Ujasiri usiogharimu kitu mimi nauita urembo. Urembo si dhambi, lakini tusiuite uasi.

Halafu kuna kuficha na kuficha. Chukua Blue Monday ya New Order (1983), FAC 73, kazi ya Saville tena. Wengi wenu mtaipenda kwa sababu jalada lake ni diski ya kompyuta! Lilikatwa matundu lifanane na flopi ya inchi 5.25 (wadogo zangu mlioanzia kwenye flash, waulizeni wakubwa), baada ya Saville kuona diski za aina hiyo kwa Stephen Morris, mpiga ngoma wa bendi. Maandishi hayapo. Pembeni kuna vipande vya rangi vilivyopangwa kwa mstari, na hivyo vipande ni msimbo. Ufunguo wake uko nyuma ya albamu ya Power, Corruption & Lies ya mwaka huohuo: gurudumu la rangi ambalo ukilitumia unasoma namba ya katalogi, jina la wimbo na jina la bendi. Ile hadithi kwamba kila nakala iliuzwa kwa hasara kwa sababu ya gharama ya matundu inasimuliwa mpaka leo, na wahusika wenyewe hawakuwahi kukubaliana kuhusu hasara hiyo. Vyovyote vile, hapo namvulia Saville kofia. Kwetu mtu akisema kitendawili, wenzake hujibu tega, na wakishindwa humpa mji, ndipo jibu litolewe. Kitendawili kisicho na jibu ni porojo. Saville aliweka jibu mahali ambapo mwenye bidii angelipata. Waigaji wake wamechukua fumbo, wakaacha ufunguo.

Sasa tufike penyewe.

Ile mistari ya Unknown Pleasures mnaijua hata kama bendi hamuijui. Iko kwenye tisheti. Nimeiona Gikomba kwenye mitumba, nimeiona kifuani mwa mwanafunzi ndani ya matatu, na nilipomwuliza ni nini akaniambia ni milima. Si milima. Ni mapigo 80 ya redio kutoka pulsa ya CP 1919, yamepangwa moja juu ya jingine. Pulsa ni mabaki ya nyota iliyolipuka, yanayozunguka kwa kasi na kumulika kwa mawimbi ya redio kama mnara wa taa unavyomulika meli. Hii inapiga kila baada ya sekunde 1.337. Ni pulsa ya kwanza kujulikana kwa binadamu. Iligunduliwa 1967 na Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu pale Cambridge. Mwaka 1974 tuzo ya Nobel ikatolewa, na mwenye kusifiwa kwa kugundua pulsa akawa msimamizi wake, Antony Hewish, aliyeipokea pamoja na Martin Ryle. Bell hakuwemo.

Mchoro wenyewe ni wa mtu mwingine, Harold Craft, naye mwanafunzi, wa chuo kikuu cha Cornell, aliyetumia darubini ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico. Craft aliandika programu. Hapa ndipo mimi huinuka kitini. Alikuwa na mapigo mengi na alitaka kuona kama ndani yake kuna mpangilio unaohama kutoka pigo moja hadi jingine, kwa hiyo akaiagiza kompyuta iyachore yote kwa safu. Mistari ikapandana, ikawa vurugu isiyosomeka. Akaongeza sharti: mstari wa nyuma ukifika mahali ambapo kilele cha mbele kimeuziba, usichorwe. Basi. Hilo ndilo linalofanya picha ionekane kama milima. Ule urembo wote unaoandikiwa makala ndefu kuhusu giza na upweke wa Manchester ni sharti moja la kama-basi kwenye programu ya mwanafunzi aliyetaka grafu yake isomeke.

Mchoro uliingia kwenye tasnifu yake ya 1970, ukachapishwa na jarida la Scientific American Januari 1971, ukaingia katika The Cambridge Encyclopaedia of Astronomy mwaka 1977, na humo ndimo bendi ilimouokota. Ulikuwa mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe, Saville akageuza rangi. Craft hakuulizwa. Alisimulia baadaye kwamba alijua kwa kuambiwa na mwenzake, akaenda duka la santuri, akaikuta, akanunua. Alilipa pesa zake kununua mchoro wake mwenyewe! Na ilikuwa hadi 2015 ndipo Jen Christiansen, mhariri wa michoro wa Scientific American, alipoufuata mchoro nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye tasnifu ile na kuzungumza na Craft mwenyewe. Miaka 36. Katikati hapo, mwaka 2012, Disney walitoa tisheti yenye mistari hiyohiyo ikiwa na umbo la Mickey Mouse, wakaiondoa baada ya kelele. Kelele zilikuwa za mashabiki waliosema Joy Division wamevunjiwa heshima, kana kwamba mchoro ulizaliwa Manchester.

Sisi waandishi wa programu jambo hili tumelitungia sheria kitambo. Ukichukua msimbo wenye leseni ya MIT unaweza kufanya karibu lolote: uuze, ubadilishe, uufungie ndani ya bidhaa yako. Leseni nzima ni aya tatu. Sharti ni moja tu, usifute ile notisi yenye jina la mwenyewe. Hulipi, huombi ruhusa. Unaacha jina mahali pake, mwisho wa habari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analielewa hilo kabla hajapakia mradi wake wa kwanza mtandaoni. Msanifu mwenye tuzo za sanaa anashindwaje?

Mtaniambia hiyo ni 1979, mambo yamebadilika. Haya, twende 2010. Vampire Weekend wa New York, ambao mnaweza kuwajua kwa sababu mwaka 2008 waliuita wimbo wao mmoja kwa jina la kwassa kwassa ya Kongo, walitoa albamu ya Contra. Jalada ni picha ya aina ya Polaroid ya msichana mwenye nywele za dhahabu, anatazama kamera. Picha ya kuokota, kama desturi inavyotaka. Shida ni kwamba msichana alikuwa mtu hai, sasa mama wa makamo, na alipoona uso wake unauza albamu alienda mahakamani mwaka huohuo akisema hakuwahi kukubali. Kesi na bendi ikaisha kwa makubaliano 2011. Desturi inamtaka "mtu asiyejulikana". Lakini hakuna mtu asiyejulikana, jamani. Kila mtu anajulikana kwao.

Sisemi kila picha ya kuokota ni wizi. Fleet Foxes walipoweka mchoro wa Bruegel wa 1559 kwenye albamu yao ya 2008 hawakumdhulumu mtu, na maua ya Fantin-Latour ya 1890 kwenye Power, Corruption & Lies yanajulikana ni yake na yanaonekana National Gallery, London. Wachoraji wakubwa majina yao hayapotei hata ukijaribu. Wanaopotea ni wadogo: mwanafunzi, mchora kadi, msichana wa kwenye picha. Bendi moja ya hapa Nairobi iliniomba niwatengenezee tovuti, wakaniletea jalada, nikauliza picha ni ya nani. "Ya Google," wakasema. Siku hizi nahisi wataniambia imechorwa na mashine, na hapo hata wa kumtafuta hayupo.

Kinachonikera zaidi ni unafiki. Mwaka 1981 Minor Threat wa Washington walitoa santuri yao ya kwanza kupitia Dischord, na juu yake kuna picha ya kijana aliyeketi ameinamisha kichwa chenye kipara. Mwaka 2005 Nike wakaiiga kwa tangazo la mbao za kuteleza, wakabadilisha neno moja tu kwenye jina. Indi nzima ikawaka, na Nike wakaomba radhi hadharani. Waliwaka kwa haki! Kampuni ya mabilioni kuchukua kwa lebo inayoendeshwa nyumbani ni dharau. Lakini basi mizani iwe moja. Lebo ikichukua kwa mwanafunzi wa Cornell ni utamaduni, Nike akichukua kwa lebo ni wizi? Tofauti ya ukubwa naiona. Jina lililofutwa ni lilelile.

Kuhusu kaki sitakaa sana. Mwanzo ilikuwa kweli. Watu wa Dischord walifumua jalada la santuri ndogo ya Uingereza, wakalipiga chapa umbo lake, halafu wakakata, wakakunja na kugundisha majalada yao kwa mikono kwa sababu hawakuwa na hela ya njia nyingine. Guided by Voices walitoa Propeller (1992) nakala 500, kila moja na jalada lake la mkono. Godspeed You! Black Emperor wa Montreal, mwaka 1997, wakaweka ndani ya nakala 500 za kwanza senti iliyosagwa na treni. Huo ni utengenezaji. Sasa kuna fonti zinazouzwa ili ziige mwandiko wa mtu asiye na hela, na viwanda vinavyochapa alama ya muhuri iliyopinda, ikiwa imepinda sawasawa kwenye kila nakala. Umaskini wa kuchapishwa. Yatosha.

Mtasema nalaumu karatasi wakati karatasi imekufa. Haijafa: mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri zipatazo milioni 41 na CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuzipita CD tangu 1987. Ila ndiyo, wengi wetu tumekulia kwenye mafaili. Mimi muziki huu niliupata kwenye flash, kutoka duka la mtaani linalouza sinema; unalipa shilingi kadhaa unajaziwa folda nzima, faili ya kwanza inaitwa Track 01, ya pili Track 02, jalada hakuna. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoona jalada halisi la indi nilicheka. Wale walikuwa wameajiri msanifu ili wafike pale ambapo jamaa wa flash alifika kwa uvivu.

Na hapa lazima niwalaumu na watu wa fani yangu. Mwaka 1996 Eric Kemp aliongeza baiti 128 mwishoni mwa faili ya MP3, akaziita ID3. Tatu za neno TAG, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, 30 za maelezo, moja ya aina ya muziki. Jumlisha, ni 128 kamili. "In the Aeroplane Over the Sea" ya Neutral Milk Hotel (1998) ina herufi 29 ukihesabu na nafasi, ikaponea chupuchupu. "Lift Your Skinny Fists Like Antennas to Heaven" ya Godspeed (2000) ikawa "Lift Your Skinny Fists Like An". Mpiga ngoma hakupewa hata baiti moja, wala mtayarishaji, wala msanifu, wala mwenye picha. Nawaelewa, wakati ule kila baiti ilihesabiwa na modemu zilikuwa zinalia kama mbuzi. Lakini toleo la pili, 1998, lilileta fremu za urefu unaotaka, picha ya jalada ndani ya faili, hata orodha ya walioshiriki. Toka 1998 udhuru umekwisha. Spotify walipoongeza ukurasa wa walioshiriki mwaka 2018 walianza na wapigaji, waandishi na watayarishaji. Aliyetengeneza jalada, kitu pekee ambacho kila msikilizaji anakiona, hakuwemo. Tuliirithi desturi ya kuficha majina na tukaiandika ndani ya programu.

Desturi moja ya indi ningependa iigwe na kila mtu, nayo ndiyo isiyosifiwa. Dischord walikuwa wakichapa bei kwenye jalada. CD za Fugazi za mwanzo wa miaka ya 1990 ziliandikwa dola 8, posta ikiwemo, ukiagiza kwao moja kwa moja. Mwenye duka akikuuzia kwa 15 unajua nani amekula saba. Hiyo ndiyo habari niitakayo kwenye jalada, inayomlinda mtu. Bibi zetu wa pwani wanalijua hili kuliko Manchester: kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na isiyo na jina wataigeuzageuza waulize maneno yako wapi. Tena angalia ukingo wa kanga ya zamani ya Mombasa, utakuta imechapwa "K.H.E. Mali ya Abdulla". Mwenye mali ametajwa na kanga haijapungua uzuri.

Atakuja mtu kwenye maoni kusema majina yanaharibu sanaa. Ndugu yangu, sijaomba jina liwekwe mbele. Acha mbele kuwe kweusi kama usiku wa Turkana ukitaka. Naomba nyuma, au kwenye kijitabu, au kwenye ule uwanja wa walioshiriki ambao Bandcamp wameuweka wazi kabisa na ambao bendi nyingi huuacha mtupu. Na kama picha umeiokota na mwenyewe hujampata, andika ulikoiokotea: kitabu gani, ukurasa gani, soko gani. Anayekuja baada yako aendelee kutoka hapo, asikae miaka 36.

Kwa Unknown Pleasures ingekuwa hivi, nimewaandikia kabisa: "Mapigo ya pulsa CP 1919, iliyogunduliwa na Jocelyn Bell, 1967. Programu na mchoro: Harold Craft, Cornell, 1970." Mstari mmoja na nusu, nyuma, kwa herufi ndogo kadiri Saville apendavyo.

Haya, nangoja matusi yenu hapo chini. Wenye tisheti mje wa kwanza.